Toba ya Tendo la Lazima

Huulizwa katika elimu ya maadili kama yampasa mtu kutubia jambo ambalo hakuwa na budi kulitenda. Wengi hujibu upesi kwamba haimpasi: dhambi huzaliwa na hiari, na pasipo hiari hapana dhambi, na pasipo dhambi, toba ni maneno matupu. Nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Aliyenitia shaka hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa babu yangu mzaa baba, baharia mstaafu wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mkristo ambaye sikupata kumwona akila kabla ya kushukuru, wala akilala kabla ya kupiga magoti.

Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 iwe makao ya watu waliookolewa utumwani, na wazee wa babu walikuwa miongoni mwao. Alizoea kusema kuwa dini aliipokea kwa watu waliopakiwa majahazini kwa nguvu, bali yeye aliingia merikebuni kwa miguu yake. Aliingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kikosi cha wanamaji wa akiba kilichoundwa Kenya mwaka 1933. Kazi yao ilikuwa kusafisha mlango wa bandari ya Kilindini, pasiwe na bomu lililotegwa katika njia ya meli. Mdogo wake alichagua nchi kavu, akawa mpiga mzinga.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Katika mojawapo, Khedive Ismail, walikuwamo watu zaidi ya 1,500: kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, askari wengine, na wauguzi wanawake. Mdogo wa babu alikuwamo. Chombo cha babu kilikuwa kimesafisha njia alfajiri ile. Meli ilipopita hakumtambua nduguye katika wingi wa watu, lakini alivua kofia akaipunga vivyo hivyo.

Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Waliokufa ni 1,297. Lakini si hesabu hiyo iliyomkosesha babu usingizi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea watu waliookoka. Kama ingeachwa, ingeweza kuzipiga meli nne zilizosalia, nazo zimejaa watu. Basi manowari za Kiingereza zilizolinda msafara ziliiandama, na mabomu ya kulipukia chini ya maji yakaangushwa miongoni mwa watu wao wenyewe, ambao bila shaka walipoona manowari inakuja walidhani inakuja kuwaokota. Baadaye nyambizi iliibuka, ikapigwa, ikazama.

Babu aliyasikia hayo baada ya vita, kwa baharia mwenzake. Hakupata kujua kama nduguye aliuawa na adui au na wenzake. Tangu hapo kila tarehe 12 Februari alikwenda kanisani peke yake. Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nilimsindikiza, na tulipotoka nikamwuliza amemwombea nani.

"Nahodha," akasema.

Nilidhani asema nahodha wa Khedive Ismail. La, alimsema yule aliyeamuru mabomu yaangushwe. Nami, kijana mwenye vitabu viwili kichwani, nikamweleza kuwa nahodha yule hahitaji maombi. Maisha ya mamia yalipimwa na maisha ya maelfu. Aliyechagua maelfu hakukosa, na asiyekosa hana la kusamehewa.

"Hesabu yako ni sahihi, mjukuu wangu," akanijibu. "Ningekuwa mimi ningeamuru vile vile, maana ndivyo tulivyofundishwa. Lakini yeye hakuifanya hesabu hiyo karatasini. Aliifanya akiwatazama nyuso zao."

Nilichukua jibu lile kuwa upole wa mzee. Sasa naona lilikuwa hoja. Mimi nilikuwa nimechanganya mambo mawili, lawama na deni. Lawama huondoka pale ulazima unapothibitika. Deni haliondoki, kwa sababu aliyekufa kwa lazima amekufa sawasawa na aliyekufa kwa uonevu, na mkono uliomwua wajulikana ni wa nani. Hebu msomaji afikiri juu ya nahodha ambaye, baada ya kazi ile, angekula chakula chake cha jioni akalala usingizi mzito kwa kuwa alitenda lililo sahihi. Hatungeweza kumshitaki kwa kosa lolote, wala tusingetaka awalee watoto wetu.

Lakini ipo pingamizi, nami sijaishinda. Je, si ukatili kumtwika mtu deni asilokuwa na njia ya kulikwepa? Huenda ni ukatili. Babu hakumtwika, alikwenda kulichukua pamoja naye, ingawa hawakupata kuonana. Wala sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mkali kwa wanawe kupita kiasi, na bibi alinieleza kuwa mwaka mmoja hakwenda kanisani siku ile, akasema nahodha na ajiombee mwenyewe. Mwaka uliofuata alikwenda.

Miaka miwili kabla ya kufa kwake nilimpeleka kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, katika barabara ya Ngong, palipo na ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na makaburi. Tulitafuta kwa muda mrefu, maana macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na hakukubali nimsomee. Alipolipata jina la nduguye alitoa leso akalifuta vumbi. Kisha akalifuta jina lililo juu yake, na lililo chini yake, na lililofuata, mpaka mlinzi akaja kutuambia kuwa saa ya kufunga imefika.