Funzo la Litowa

Mwishoni mwa 1960, Tanganyika ikiwa bado inangoja Uhuru wake, kikundi cha vijana wa TANU kiliingia porini Litowa, wilayani Songea, kufungua shamba la pamoja. Jaribio la kwanza lilishindwa. Wakajipanga upya, wakarudi, na safari hii kijiji kikasimama. Kiongozi mmoja wa harakati hizo, Ntimbanjayo Millinga, na wenzake hawakuwa na ukoo mmoja uliowafunga wala shamba la urithi la kugombea. Walikuwa na majembe na mkutano.

Mkutano huo ndio nataka tuutazame kwa makini, kwa sababu habari yote ya Litowa imo humo. Wanakijiji walikaa pamoja wakaamua wenyewe kazi ya wiki, matumizi ya fedha za mauzo, na mgeni aliyeomba kujiunga apokelewe vipi. Uamuzi ukiwa mbaya, hasara iliwaangukia waliouamua, na ilibidi wakae tena wausahihishe. Watu wakifanya hivyo msimu baada ya msimu, wanazoeana kwa namna ambayo ujirani wa nyumba peke yake hauwezi kuleta. Unamjua mwenzako kwa jinsi alivyokupinga mkutanoni, na kesho yake mkashika jembe pamoja.

Vijiji vingine vikafuata mfano huo: Liweta, Matetereka, Njoomlole na vinginevyo. Mwaka 1963 viliunda umoja wao, Ruvuma Development Association, ambao wengi waliufahamu kwa herufi tatu tu, RDA. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, aliishi Litowa pamoja na familia yake. Kufikia 1969 umoja huo ulikuwa na vijiji vipatavyo 17. Ulikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, kiwanda cha kupasua mbao, na shule Litowa ambayo iliwasomesha watoto wa vijiji vyote pamoja. Shule hiyo iliwafundisha watoto maisha ya kijiji chenyewe: kusoma, kuhesabu, kulima, na kushiriki katika maamuzi. Mtoto aliyetoka Liweta alikua akiwajua wa Matetereka kabla hajawa mtu mzima wa kupiga kura.

Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Vijiji vya Ruvuma vilikuwa tayari vinayaishi yaliyoandikwa humo, na Mwalimu mwenyewe alivipenda na kuvitolea mfano.

Lakini si kila mtu aliyevipenda. Kijiji kinachoamua mambo yake kinajifunza kuuliza maswali, na maswali yake hayaishii mpakani mwa shamba. Wanakijiji waliozoea kumhoji mwenyekiti wao hawaoni ajabu kumhoji afisa wa mkoa anayekuja na mpango wake mfukoni. Kwa baadhi ya viongozi wa chama hilo lilionekana kuwa dharau, na RDA ikatazamwa kama dola ndogo ndani ya dola. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliamua kuivunja. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishiwa sehemu nyingine, na Ibbott na familia yake wakaondoka nchini. Kazi ya karibu miaka tisa ilifutwa kwa uamuzi wa kikao ambacho wanavijiji hawakualikwa kusema neno.

Kosa lilianzia hapo, na lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Nchi ilibaki na lengo la vijiji, ikiwa imetupa njia iliyokwisha kuthibitisha kwamba lengo hilo linafikika. Mwaka 1973 chama kiliazimia kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976, na Novemba mwaka huohuo Mwalimu akatamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Ikaja Operesheni Vijiji. Kwa takwimu za serikali, watu walioishi katika vijiji vilivyosajiliwa waliongezeka kutoka milioni 2 hivi mwaka 1973 hadi milioni 13 hivi mwaka 1977.

Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na kaya. Sehemu nyingi ilikuwa hivi: mgambo na maofisa wanafika, familia inaambiwa ikusanye vyombo, paa linaezuliwa au nyumba inachomwa ili mtu asipate pa kurudi. Kinu, mitungi, kuku waliofungwa miguu na watoto vinapakiwa kwenye lori. Safari inaishia kando ya barabara, mahali palipopimwa viwanja kwa mstari, mara nyingine pasipo na maji karibu. Jirani wa kulia anatoka bonde jingine, wa kushoto mlima mwingine. Shamba la zamani limebaki saa kadhaa za kutembea, na makaburi ya wazee yamebaki hukohuko. Kisha ukaja ukame, mavuno ya 1974 na 1975 yakawa haba, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nje kwa fedha nyingi.

Niwe mkweli kwa upande wa pili. Vijiji vile vilileta shule, zahanati na visima ambavyo kaya zilizotawanyika zisingevipata kwa urahisi. Watoto wa watu waliohamishwa walikaa dawati moja, wakaongea Kiswahili kimoja, wakaoana. Wazazi wao walizikana. Leo vingi kati ya vijiji hivyo ni makwao watu, na ukimuuliza kijana aliyezaliwa hapo atakuambia hajui kwingine. Umoja huo ulijengwa na wanakijiji wenyewe, polepole, baada ya malori kuondoka. Operesheni iliwapa ukaribu. Haikuwapa sababu ya kuaminiana, na mahali pengine iliwapa sababu ya kushtakiana.

Kisa cha Kambi ya Simba, iliyokuwa wilayani Mbulu wakati huo, kinaonyesha hilo. Baba mmoja na mwanawe walinyang'anywa ardhi yao katika operesheni, ikagawiwa wengine. Walikwenda mahakamani kuidai, na wakashinda. Wengi kama wao walikuwa na madai yao, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuzima madai hayo na kesi zake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya mtu katika ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ni hukumu inayonukuliwa mpaka leo, na inastahili.

Lakini fikiria familia iliyokuwa ikilima shamba lile. Nayo haikuiba. Ilipewa na serikali, ikajenga, ikapanda, ikazaa. Watu wawili wenye haki, kila mmoja kwa namna yake, wakageuka wadai na wadaiwa, ilhali aliyewagombanisha hakuwa na shamba hapo. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi katika habari hii yote. Mwenye amri alihamishiwa kituo kingine cha kazi, na ugomvi ukabaki kwa majirani, wakaurithisha watoto.

Turudi Ruvuma. Matetereka ilivunjiwa umoja wake pamoja na wenzake mwaka 1969. Hata hivyo iliendelea na kazi zake za pamoja hadi miaka ya 1990, wakati vijiji vya amri vilikuwa vimeachana na shamba la ujamaa zamani. Siamini kwamba watu wa Matetereka walikuwa bora kuliko Watanzania wengine. Walikuwa wameingia kwa hiari, wakazoea kuamua, na mazoea hayo hayakuwa mali ya kupakiwa kwenye lori la polisi.

Nayasema haya kwa kuwa watu bado wanahamishwa na kukusanywa. Tangu 2022 nyumba zimekuwa zikijengwa Msomera, wilayani Handeni, kwa ajili ya kaya zinazotoka Ngorongoro. Kando ya miji yetu viwanja vipya vinapimwa kila mwaka na kuuzwa kwa watu wasiojuana, ambao kila mmoja anaanza kwa kuzungusha ukuta. Bomoabomoa za barabara na reli zinawatawanya waliozikana kwa miaka thelathini. Katika kila jambo la namna hii tunahesabu nyumba, nguzo za umeme na kilomita za bomba, na ni vizuri tuhesabu, maana watu hawanywi umoja. Swali la mkutano tunaliacha mpaka ugomvi uzuke.

Kwa hiyo nakuomba wewe diwani, ofisa ardhi, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, unayepokea wageni au kuwaondoa wenyeji: itisha mkutano kabla ya kuchora mstari wa kwanza, uwaite wanaokuja na wanaowapokea, wanawake na vijana wawemo, na uwape uwezo wa kukataa. Wakikataa, usiagize mgambo. Rudi na mpango mwingine. Majirani waliozoeana wakitaka kuhamia pamoja, wapangie viwanja pamoja, maana kufanya hivyo hakugharimu zaidi ya kukaa na orodha ya majina usiku mmoja. Na ukikuta kikundi ambacho tayari kinaamua mambo yake na kuyatekeleza, hata kama kinakuuliza maswali usiyoyapenda, kiache kifanye kazi.