Nani Ameua Kuku?

 

Mwezi uliopita tuliamka tukamkuta mtetea wetu mwekundu amekufa bandani. Jioni alikuwa ameingia mwenyewe, mzima. Hakukuwa na damu wala manyoya yaliyotawanyika. Mnajua, ndugu, maana ya kuku katika nyumba ya mkimbizi. Mayai ya mtetea yule ndiyo yaliyonunua madaftari ya watoto.

Swali la kwanza lililotutoka lilikuwa: nani ameua? Hatukuuliza: ni nini kimeua? Tukakumbuka kwamba jirani alilalamika juzi, kuku wetu walipochakura mboga zake. Kabla ya chai tulikuwa tumeshamhukumu kuwa ametupa sumu. Mwingine nyumbani akasema ni Mungu anatuadhibu kwa nadhiri tuliyoweka na hatukuitimiza. Na sisi tunaosimama madhabahuni kufundisha wengine hatukukemea neno hata moja. Siku mbili tulipita mbele ya jirani bila kumsalimu.

Siku ya tatu kuku mwingine akazubaa, anapumua mdomo wazi, kinyesi cha kijani, shingo imepinda. Ndipo tukamwita daktari wa mifugo. Yeye hakuuliza habari za jirani. Aliuliza, "Mmeleta kuku mgeni?" Ndiyo, jogoo wa sokoni, wiki moja nyuma, kwa bei ya chini sana, tukamlaza na wenzake usiku uleule. "Wamechanjwa?" Hapana.

Akasema bila kipimo cha maabara hawezi kuapa, lakini dalili ni za umuraramo. Watanzania huuita mdondo au kideri, na vitabuni huitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Huletwa na virusi. Husafiri kwa kinyesi, kwa tenga, hata kwa viatu vyetu. Hauna tiba, una chanjo tu, tone moja jichoni, ambalo hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Akatuagiza tuwazike waliokufa katika shimo refu, tusiwale wala tusiwatupie mbwa.

Hapo ndipo jaribu lenyewe lilipokuja. Tulibaki na kuku wanne ambao bado walikuwa wanakula. Mtu anayetupenda akatushauri, "Wapelekeni sokoni leo, kabla hawajafa." Shauri hilo si geni kwa wafugaji. Tulikwisha kushika kamba ya kuwafunga miguu, tukamkumbuka yule jogoo wa bei ya chini. Pengine aliyetuuzia alikuwa mama mwenye watoto wa kulisha, amefiwa na kuku wawili, naye akashauriwa na mtu anayempenda. Siku tatu tulikuwa tunamtafuta adui. Kumbe huenda aliyeleta kifo bandani kwetu ana shida kama zetu, na kamba kama yetu mkononi.

Mtu atauliza: je, maskini hana haki ya kuokoa kidogo alicho nacho? Tumelifikiri sana swali hili. Anayo haki. Lakini tujiulize: tungemwambia mnunuzi ukweli, angenunua? Asingenunua. Basi fedha ile tungeilipwa kwa kutojua kwake, na hasara yetu ingehamia kwa maskini mwingine. Katika Kutoka 21:33-34, mtu aliyechimba shimo na kuliacha wazi anatakiwa kulipa mnyama wa mwenzake akitumbukia. Haulizwi kama alikuwa na nia mbaya. Kabla daktari hajaja tulikuwa hatujui. Baada ya kuja, shimo lilikuwa letu.

Na kuhusu adhabu, someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Katika Luka 13 alikataa tena kusema kwamba wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa waovu kuliko wengine. Kutafuta chanzo cha msiba ni halali. Kutafuta mtu wa kubebeshwa ni jambo jingine. Tunaishi Kigali, mji ambao tangu 1994 unajua neno la kumshuku jirani, likirudiwa kila siku, hufika wapi. Wengi wetu tuliotoka Kivu tunajua pia.

Kamba tuliirudisha mahali pake. Katika wanne, watatu walikufa wiki ileile. Mmoja yupo hadi leo. Madaftari tulikopa, na deni bado lipo. Kisha tulikwenda kwa jirani kukiri dhambi yetu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mchungaji, na mimi nimezika wawili. Nilidhani ni ninyi."

Basi, wapendwa, kuku mgeni akae peke yake wiki mbili. Chanjeni, na shirikianeni na majirani kuchanja siku moja. Na asubuhi mkikuta msiba bandani, anzeni kwa kumsalimu jirani, kisha mwulizeni kuku wake wanaendeleaje.