JE, NURU YA BURE NI HASARA?

Katika mwezi wa Aprili wa mwaka 2022 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa mjini Njombe, katika uwanja wa Sabasaba, nao watu wakahimizwa kujiweka tayari kwa sensa iliyofanyika tarehe 23 Agosti mwaka ule. Watu wa Kifanya na wa Makambako wazijua mbio hizi. Mwenge hupita wilaya kwa wilaya, huzindua visima, zahanati na madarasa. Na jua likiisha kutua watu hukusanyika uwanjani kwa mkesha. Kwaya huimba, ngoma hulia, moto huwaka hata alfajiri, wala hapana mtu langoni wa kuuza tiketi. Mwenye shamba la chai na mchuma chai husimama bega kwa bega.

Lakini wako ndugu wanaouliza: Nuru hii ya kutazamwa tu ina faida gani? Twaona ya kwamba swali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, maana halihusu Mwenge peke yake, bali kila taa iwashwayo hadharani kwa furaha ya watu wote.

Kwanza tukumbuke asili yake. Mwalimu Julius Nyerere alinena mwaka 1959, mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, habari za mwenge utakaowekwa juu ya Kilimanjaro, upate kuwaangazia hata walio nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni. Kwa kazi ya macho, nuru ile haikumsaidia mtu yeyote hata kutunga uzi katika sindano. Walakini watu waliielewa, wala hawakuhitaji kufasiriwa. Basi iko kazi ya nuru isiyo kazi ya kuonyesha njia tu.

Sasa na tuwasikie wanaopinga. Wao husema ya kwamba fedha za mafuta, za magari na za posho zingefaa kununua madawati na dawa. Tena husema kwamba nyumba nyingi zingali gizani. Neno hili si la kudharauliwa. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme wa kilovolti 220 ilikamilika kutoka Makambako hata Songea, na vijiji vingi vikapata taa. Lakini waya kupita karibu na nyumba si taa ndani ya nyumba. Asiye na fedha ya LUKU hukaa gizani chini ya waya ule ule. Wasomaji wetu wakumbuka jinsi yule mwanamke mwenye marhamu alivyolaumiwa kwa swali lilo hilo, naye aliyeuliza hakuwa na huruma kwa maskini. Lakini tusifanye haraka kumfananisha kila aulizaye na mtu yule. Wako waulizao kwa sababu wao wenyewe ndio maskini.

Jibu letu ni hili. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Njombe ikizidi, watu wa nyumba hukaa kuuzunguka moto. Mgeni akibisha hodi hupewa kigoda, akaota pamoja nao, wala haulizwi ameleta kuni ngapi. Hiyo ndiyo maana ya bure. Lakini kuni zile hazikujipasua zenyewe. Yuko mtu aliyeinama na shoka mchana. Basi bure si kusema kwamba hapana aliyelipa. Bure ni kusema kwamba aliyelipa hamdai anayeota.

Hapo twapata kipimo. Ikiwa mwenye kuni amezileta kwa moyo wake, moto ule ni zawadi, wala si hasara, hata kama haukuivisha chungu. Bali mjane akitozwa mchango kwa vitisho, moto ule si wa bure kwake, hata lango likiwa wazi. Maana amekwisha kununua tiketi nyumbani kwake kabla ya kufika uwanjani.

Mfano mzuri twaupata katika mji wa Lyon, huko Ufaransa. Tarehe 8 Desemba 1852 wakubwa wa mji walitayarisha fataki kwa sikukuu ya kuzindua sanamu ya Mariamu, lakini dhoruba ikatokea, fataki zikaahirishwa. Mbingu zilipotakata, watu wenyewe wakaweka mishumaa madirishani, nyumba baada ya nyumba, wakatoka njiani kutazama. Sikukuu ile ya nuru yafanyika hata leo kila mwaka. Mshumaa mmoja ni kitu kidogo, hata maskini aliweza kuuweka. Na kila aliyetazama mishumaa ya wenzake alikuwa ametoa wake.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Wanaoandaa mikesha na wapokee mchango wa hiari tu, nao waeleze matumizi yake waziwazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaohudhuria na wauheshimu uwanja, wawaangalie watoto, wajiepushe na ulevi, maana kitu cha bure si kitu cha kuchezewa. Tena, kisima kilichozinduliwa mbele ya Mwenge na tukitazame hata mwezi wa pili na wa tatu: je, maji yangali yatoka? Mwenge hukaa siku moja, kisha hwenda wilaya nyingine. Wenye macho ya kutazama wabaki hapa hapa.

Tukiyafanya hayo, hatutaona haya mbele ya ndugu aulizaye. Tutamjibu ya kwamba kuni zililetwa kwa hiari, na kigoda chake kipo.