Mbachao na Msala: Je, Kosa Lipo Hata Mambo Yakienda Vyema?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilifundishwa methali hii mwaka wa kwanza wa somo la Kiswahili hapa Kampala, nikaieleza vizuri katika mtihani: mbacha ni mkeka mkuukuu, msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na asiye na hakika ya kipya asitupe cha zamani. Nilipata alama zote. Mwaka uliofuata niliivunja methali hiyo usiku mmoja mbele ya kompyuta, na tangu hapo najiuliza swali ambalo ndilo la insha hii: mtu anayehatarisha mali ya mwenzake bila kumwuliza, je, hukosa pale tu mambo yanapoharibika, au huwa amekwisha kukosa hata kama mambo yangekwenda vyema?

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi na mwenzangu wa chumba tulichanga pesa, nusu kwa nusu, tukanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2 tu. Tuliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu haulipiwi, lakini bado ilichelewa kuwaka. Nikasoma kwamba mtu anaweza kuchukua msimbo wa keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote, akaondoa asichokihitaji na kuijenga upya ikawa nyepesi.

Jambo hilo linaruhusiwa kabisa. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, alipotangaza kazi yake mwaka 1991. Tangu 1992 keneli hiyo hutolewa chini ya leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mimi nami nilikuwa na miaka 21, nikajiona mrithi halali.

Kabla ya kuijenga keneli hufunguka orodha ndefu yenye maelfu ya maswali. Kila kifaa na kila kazi huulizwa: iingizwe ndani, iwe moduli ya kupakiwa inapohitajika, au iachwe? Maswali mengi yana maelezo, na mara nyingi maelezo hayo humalizia kwa ushauri kwamba ukiwa na shaka, jibu hivi. Walioandika walijua tutakuwa na shaka. Mimi sikusoma. Kila jina nisilolifahamu nilijibu hapana, na mojawapo lilikuwa draiva ya kidhibiti cha diski yetu.

Ujenzi ulichukua saa nne, feni ikivuma usiku kucha. Nilipotaka kuisakinisha keneli mpya, sehemu ya diski inayohifadhi keneli ilikuwa imejaa. Nikaifuta ya zamani ili kupata nafasi. Kisha nikawasha. Maandishi meupe yakateremka, yakasimama: keneli haioni diski, haiwezi kuendelea.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na insha ya mwenzangu iliyotakiwa saa mbili asubuhi. Haikuwa imepotea, ila hatukuwa na njia ya kuifikia. Mchana tuliazima flashi kutoka kwa mwanafunzi wa kompyuta, tukawasha kupitia flashi hiyo na kurudisha keneli ya kawaida. Insha ikapelekwa imechelewa, ikakatwa alama. Nilimweleza mwenzangu kwa kirefu habari za draiva na diski. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu yangu, hayo siyajui. Najua hukuniuliza."

Jibu la kwanza nililojipa lilikuwa la kujitetea. Nilikuwa na nia njema, kwani kompyuta ikiharakika tungefaidika sote wawili. Kama ningejibu ndiyo kwenye mstari ule mmoja, angeamka akute kompyuta nyepesi na kunishukuru. Basi kosa langu ni bahati mbaya tu. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili fumbo hili mwaka 1976 kwa jina la bahati ya kimaadili: watu wawili hutenda jambo lilelile, mmoja likamwendea vyema na mwingine likamharibikia, nasi humlaumu wa pili peke yake.

Lakini utetezi huo hauniridhishi. Tuchukue kwamba kompyuta iliwaka. Je, saa nane za usiku nilipoifuta keneli ya zamani, nilijua itawaka? Sikujua. Nilijua kwamba sijui, maana majina yaliyonipita yalikuwa mengi. Nilijua pia kwamba kazi ya mwenzangu imo humo na kwamba yeye amelala hatua mbili kutoka nilipoketi. Hayo yote yalikuwa kweli kabla sijabonyeza chochote, na yangebaki kweli hata kama angenishukuru asubuhi. Alama zilizokatwa zilikuwa hasara yake, na hasara hiyo ingeweza kutokea au kutotokea. Nafasi yake ya kukubali au kukataa nilikuwa nimekwisha kumnyang'anya.

Mtu atauliza: kama kila mwenye wazo ataomba ruhusa kwanza, nani atagundua kitu? Torvalds alimwomba nani? Ni swali la haki, lakini mfano huo unanihukumu. Yeye alifanya majaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia jinsi alivyokosea akaielekeza programu yake kwenye diski badala ya modemu, akaharibu mfumo aliokuwa akiutumia. Tunalisoma tukicheka, kwa kuwa hasara ilikuwa yake. Na waliochukua keneli yake baadaye waliichukua kwa hiari, huku leseni ikiwaambia wazi kwamba haina dhamana. Mwenzangu hakuambiwa na mtu kwamba usiku ule kompyuta yetu haina dhamana.

Hata wanaoijua keneli kuliko sisi hawajiamini hivyo. Mfumo kama Ubuntu unapoleta keneli mpya huiacha ya awali kwenye orodha ya kuwashia, ili mpya ikigoma mtu arudi nyuma. Huo ni uungwana wa mtu anayekiri mapema kwamba anaweza kukosea, na gharama yake ni nafasi kidogo ya diski, ile niliyoona kubwa mno.

Kwa hiyo nahitimisha kwamba kosa langu lilitimia kabla kompyuta haijakataa kuwaka. Leseni ilinipa haki juu ya msimbo, haikunipa haki juu ya usiku wa mwenzangu. Muhula huu nimeijenga keneli tena. Nilisoma maelezo, nikaiacha ya zamani mahali pake, na kabla ya yote nilimwuliza. Aliniambia nisubiri hadi Ijumaa, akimaliza kazi zake. Nikasubiri.