Zawadi wakati wa njaa

Senene mnamjua vizuri, na vyungu vyenu vinamjua zaidi. Huko Australia yuko mdudu wa ukoo wake alaye chavua, yaani ule unga wa manjano ulio ndani ya maua. Dume akikutana na jike humpa, pamoja na mbegu yake, tonge laini ambalo mwili wake umelitengeneza. Naye jike hulila.

Mwaka 1990 wataalamu wawili, Gwynne na Simmons, walieleza jaribio lao juu ya wadudu hao. Penye chakula kingi madume waliita kwa wingi, wakashindania majike, na majike wakachagua. Penye chakula haba mambo yaligeuka. Madume wachache tu waliweza kutengeneza tonge. Basi majike wakashindana kumpata dume, naye dume ndiye aliyechagua. Mdudu ni yule yule. Kilichobadilika ni chakula.

Je, tuseme dume wa wakati wa njaa ana kiburi, na yule wa wakati wa shibe ni mnyenyekevu? Hasha. Mdudu hana dhambi wala mastahili, kwa maana hana hiari. Lakini mtu amepewa akili na utashi, na hapo ndipo swali linapotugusa.

Mwanamume akileta mbuzi mwaka wa mavuno mema, wazazi hucheka, binti hufikiri, hata aweza kukataa. Akileta gunia la mihogo mwaka ambao mihogo imeoza mashambani, watu wote wa nyumbani humtazama binti. Hakuna amshikiaye fimbo. Ni wadogo zake tu wanaolia. Atakaposema «ndiyo» mbele ya padri, ndiyo hiyo ni ya nani? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1103, yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje si ndoa, hata kama aliyeitia hofu hiyo hakukusudia.

Wengine watajibu: Basi wenye njaa wasiletewe kitu? Sisemi hivyo; huo ungekuwa ukatili. Mwanamume na alete mihogo leo, bila neno la posa. Posa ailete baada ya mavuno, siku ambapo binti aweza kusema hapana, na wadogo zake wakalala wameshiba.