Neno la Mwenyeji: Je, Mwongoza Watalii Ana Ruhusa ya Kudanganya?

Kutoka kwetu Kinanira hadi kwenye jiwe la Mugere ni safari ya baiskeli ya asubuhi moja tu. Unateremka hadi barabara ya Rumonge, unashika kusini huku ziwa Tanganyika likiwa upande wako wa kulia, unapita Kanyosha na Ruziba, kisha unaiacha lami na kuanza kupanda. Juu ya kilima kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Nimelipanda kilima hilo mara nyingi, kwa sababu katika likizo mbili zilizopita nimekuwa nikiwaongoza wageni. Kaka mmoja wa mtaani mwenye gereji ya baiskeli huwakodishia, mimi hutangulia mbele, na malipo yake hunisaidia kununua vitabu na kulipa nauli ya chuo.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyepanda kilima kile akihema, akikataa kabisa kushuka na kuisukuma baiskeli. Alipofika juu aliweka kiganja chake juu ya maandishi, akaniuliza, "Kwa hiyo ni hapa walipokutana?" Nilijua kwamba sivyo. Lakini niliutazama uso wake, nikaitazama fulana yake iliyolowa jasho, nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ni hapa hapa." Alifurahi mno. Tuliporudi Kinanira alinipa bakshishi kubwa kuliko malipo yenyewe. Tangu siku hiyo sikungoja tena kuulizwa. Nililiweka tukio hilo katika maelezo yangu kama jambo la kawaida.

Uongo huo ulinirudia nyumbani. Mdogo wangu, ambaye siku moja nilimbeba kwenye keria hadi Mugere, aliulizwa katika jaribio la shuleni mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone. Akaandika Mugere. Mwalimu akampigia mkasi, naye akaja na karatasi yake mkononi: "Kaka, mwalimu amekosea au ni wewe?" Sikuwa na la kujibu isipokuwa ukweli, na ukweli ulinivua nguo mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Insha hii ni jaribio la kulijibu vizuri zaidi swali lake: je, mtu anayeishi kwa kuwaeleza wageni habari za mahali ana ruhusa ya kuwapamba kwa uongo unaowafurahisha?

Kwanza tuuweke ukweli wenyewe mezani. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, mji ulio karibu na Kigoma katika Tanzania ya leo. Ndiko kulikokuwa na ule mwembe mashuhuri, na ndiko kulikojengwa mnara wa kumbukumbu. Baada ya hapo wote wawili walisafiri kwa mtumbwi kuelekea kaskazini mwa ziwa, na katika safari hiyo wakalala Mugere kama wageni wa mtawala wa hapo, Mukamba. Tarehe iliyo kwenye jiwe ni ya ugeni huo. Kwa hiyo jiwe halisemi uongo. Anayesema uongo ni yule anayesimama kando yake.

Wenzangu wa kazi hii wana hoja tatu za kujitetea, na mimi mwenyewe nimewahi kuzitumia zote. Ya kwanza ni kwamba mgeni yuko likizoni: amekuja kufurahi, hakuja kufanya mtihani. Ya pili ni kwamba hakuna anayeumia. Ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni kwamba sisi ni maskini na hadithi inatulisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tunataka kupona.

Hoja hizi ni kongwe kuliko jiwe letu. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Pausanias alizunguka Ugiriki akiandika habari za mahekalu na makaburi yake. Alipofika Argos aliona kwamba waongozaji wa mji ule walijua wazi kwamba si yote waliyoyasema yalikuwa kweli, na bado waliyasema, kwa kuwa si rahisi kuwabadilisha watu wengi yale wanayoyaamini. Lucian, mwandishi wa karne hiyo hiyo, alifanya mzaha kwamba hadithi za ajabu zikiondolewa Ugiriki, waongozaji watakufa njaa, maana wageni hawautaki ukweli hata ukitolewa bure. Nilipoyasoma hayo maktabani nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi wa Kinanira na waongozaji wa Argos tulikuwa watoto wa baba mmoja.

Lakini mwaka jana niliwapeleka Mugere mke na mume wastaafu kutoka Ufaransa, wapenzi wa baiskeli, ambao waliwahi kutembelea magofu ya Ugiriki kwa namna hiyo hiyo, wakiongozwa na mwenyeji. Walitoka Nafplio, wakapita katikati ya mashamba ya michungwa, wakapanda hadi Mycenae, si mbali na Argos ya Pausanias. Hapo kuna kaburi kubwa la mawe lenye paa la mviringo ambalo watu huliita kaburi la Agamemnon, mfalme wa visa vya vita vya Troya. Mwongozaji wao aliwaambia waziwazi kwamba jina hilo limebandikwa baadaye sana, na kwamba hakuna anayejua ni nani aliyezikwa mle. Nikawauliza kama hawakuvunjika moyo. Mama yule alinijibu kwamba walikaa ndani ya kaburi lile muda mrefu kuliko walivyopanga, kwa sababu sasa walikuwa wanalitazama jiwe lenyewe, jinsi lilivyopangwa tabaka juu ya tabaka tangu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, badala ya kumtafuta mfalme.

Jibu hilo linavunja hoja ya kwanza. Mtu anayetaka hadithi tu angeweza kubaki kwake akasoma kitabu. Anayepanda baiskeli na kukanyaga pedali juani hadi mahali fulani anafanya hivyo kwa sababu anataka kusimama pale pale jambo lilipotokea. Mahali hapahamishiki, na hilo ndilo linaloipa safari yake thamani. Nikimwambia kwamba jambo la Ujiji lilitokea Mugere, nimemwibia kitu kile kile nilichomuuzia. Na kadiri alivyotoka jasho, ndivyo wizi wangu unavyozidi kuwa mkubwa. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliona kwamba mwenye kujisifu kwa uongo bila sababu ni mpuuzi zaidi kuliko mwovu, lakini anayefanya hivyo kwa ajili ya fedha ana aibu zaidi. Bakshishi ile kubwa niliyopewa na mzee wangu wa kwanza inakaa upande huo.

Hoja ya pili, kwamba hakuna anayeumia, imekwisha kujibiwa na karatasi ya mdogo wangu. Lakini kuna mtu mwingine anayeumia, naye ni mwenyeji, na hapa historia ya ziwa letu ina funzo. Mwaka 1858, Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya ziwa, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Jibu lilikuwa sahihi. Hata hivyo huko Ulaya mjadala haukuisha, na miaka 13 baadaye Stanley na Livingstone walikuja kwa mtumbwi kuuona mlango wa mto kwa macho yao. Wakakuta maji yanaingia, kama walivyosema wenyeji.

Hiyo ndiyo maana halisi ya safari iliyowaleta Mugere, nami nimepita juu yake mara ngapi nikikimbilia uongo! Watu wa ziwa hili walisema kweli, na neno lao halikutosha. Leo mgeni anauliza na mimi, mtoto wa ziwa hilo hilo, namjibu uongo. Akirudi kwao na kugundua, hatasema kwamba kijana fulani wa Bujumbura alikuwa mwongo. Atasema kwamba wenyeji hawaaminiki, na atakuwa ameipata sababu kutoka kwangu. Neno la mwenyeji ni mali ya wenyeji wote, kama kisima. Hakuna mmoja mwenye haki ya kulichafua kwa ajili ya ndoo yake.

Imebaki hoja ya umaskini. Siidharau, kwa sababu najua bei ya kitabu. Lakini mbona tunapotaka kuuza tunadhani cha kwetu hakitoshi? Uongo wangu uliazima ukubwa kutoka Ujiji, kana kwamba Mugere haina lake. Isitoshe, uongo huo unawaacha wazungu wawili peke yao jukwaani. Ukweli unamleta Mukamba aliyewapokea, wapiga kasia waliowafikisha, na Wajiji waliowaongoza njia. Hao ndio waongozaji walionitangulia, na majina yao hayakuchongwa popote. Nikisema uongo nawafuta mara ya pili.

Sisemi kwamba mwongozaji akatae masimulizi. Mzee wa kijijini akiwa na kisa chake kuhusu jiwe, nitakisimulia na nitasema ni kisa chake. Kutenganisha "watu husimulia" na "ilitokea" hakumwondolei mgeni raha. Kunamwachia uhuru wa kuamua.

Siwezi kudai kwamba ukweli umenilipa vizuri. Mgeni wa kwanza niliyemwambia kwamba walikutana Ujiji alikunja uso, akatazama saa yake, na tukarudi mapema bila bakshishi. Wale wastaafu wa Ufaransa, kwa upande mwingine, waliniomba tukae juu ya kilima niwaonyeshe upande ulipo mlango wa Rusizi. Kwa hiyo hesabu yangu haijakaa sawa, na pengine haitakaa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nimejifunza kwamba ya mkweli inaweza kuwa ndefu na yenye mlima, na bakshishi si sababu ya kuipita au kuiacha.

Mdogo wangu alinisamehe kwa sharti moja: nimrudishe Mugere. Tulikwenda Jumamosi moja, yeye akiwa kwenye keria kama zamani. Tulipofika juu akaligusa jiwe, akauliza tena swali lile lile la yule mzee, akinitazama usoni kuona nitajibuje. Nikamwambia, "Hapana. Hapa walilala tu. Sasa kaa chini nikwambie walikuwa wanatafuta nini."