Msomaji Asiyekunja Uso

Mwambie mwanafunzi wa maabara "save hii picha" na kuna uwezekano mkubwa atakuuliza: save wapi? Kwa jina gani? Kwani ile ya kwanza haitafutika? Atakunja uso kidogo kabla ya kubonyeza. Naamini huko kukunja uso kumeokoa data nyingi kuliko mwongozo wowote.

Sasa kuna maabara zinazowapa kazi hiyo mawakala wa akili unde. Si wakala wa M-Pesa, tuelewane. Ni programu inayopewa lengo halafu inachagua yenyewe zana za kulifikia. Mara nyingi haioni menyu wala haishiki mausi. Inachojua kuhusu zana ya kuhifadhi picha ni maelezo iliyoandikiwa: jina la zana, sentensi mbili tatu, na nafasi za kujaza. Kuandika maelezo ya aina hii ni mojawapo ya vibarua vyangu, mimi niliyeacha chuo kabla sijaizoea hadubini. Na swali linaloninyima raha ni hili: msomaji wako akitii kila neno ulilomwandikia, halafu mambo yaharibike, lawama ni ya nani?

Chukua ImageJ, programu ya bure iliyoanzishwa na Wayne Rasband kule NIH, Marekani, mwaka wa 1997, na ambayo watafiti wa baiolojia bado wanaitegemea. Picha ya hadubini ndani yake si selfie. Kila nukta ni kipimo cha mwanga. Faili ya biti 16 ina nafasi ya ngazi 65,536 za mwanga. Igeuze iwe JPEG, ubaki na 256, na hata hizo zinachakachuliwa kidogo faili inapobanwa. Kile kipimo kinachosema nukta moja ni mikromita ngapi nacho kinaachwa nyuma. Seli uliyoweza kuipima sasa ina upana wa "nukta arobaini", na arobaini ya nini hujui. Kwa macho, picha ni ileile. Hapo ndipo noma inaanzia.

Sasa soma maelezo haya: "Huhifadhi picha iliyofunguliwa." Si uongo. Lakini wakala anayetaka faili ndogo ataenda na JPEG. Mwingine ataongeza mwangaza ili seli zionekane vizuri, abadilishe namba zenyewe, kisha aandike juu ya faili asili kwa jina lilelile. Kipimo cha asubuhi kimezikwa chini ya urembo wa mchana, na ripoti itasema kazi imekamilika.

Kiswahili kinazidisha deni. Aliyehifadhi Kurani hakupi "karibu hivyo". Ameishika herufi kwa herufi. Hilo ndilo neno tunalolibandika kwenye kitufe ambacho, kusema ukweli, kinaandika faili tu. Ningeachiwa, ningeiita zana hii "andika faili" na kuahidi kidogo.

Mtayarishaji programu atasema, bana, acha maneno, ifanye zana ikatae kufuta faili iliyopo. Sawa, na afanye hivyo leo. Ila zana haijui picha hii inaenda kupimwa au inaenda WhatsApp kwa mwenzako, na kwa WhatsApp JPEG haina ubaya wowote. Hilo linategemea nia, na nia lazima mtu aizungumzie.

Mwaka wa 2016 Elisabeth Bik na wenzake walichapisha ukaguzi wa makala 20,621 za kisayansi. Asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye shida, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kuchezewa makusudi. Mimi inanisumbua ile sehemu nyingine, ambayo huenda ni uzembe tu, kama picha moja kutumiwa mara mbili. Tumezoea kuuliza "ulikusudia?" kabla ya kulaumu. Hapa wakala ametii, mtafiti hakutazama, na mwandishi hakukusudia chochote. Mtafiti hatoroki, kwa sababu jina lililo juu ya makala ni lake. Lakini mwandishi ndiye aliyejua kwamba JPEG inakula vipimo, na alijua msomaji wake hatauliza. Kunyamaza ukiwa na habari hizo mbili, kwangu, ni kosa lenye mwenyewe.

Shida ni kwamba maelezo haya hulipiwa. Kila wakala anapoanza kazi huyasoma upya, na kila kipande cha neno kina bei, kwa hivyo mteja anataka mstari mmoja, basi. Nikibanwa hivyo, nitafuta hata ule unaosema zana inafanya nini, maana jina limeshausema, nibakize huu: "Usiandike juu ya faili asili, na usitumie JPEG kwa picha itakayopimwa."